Hodi Tatu kwa Kijakazi

Asubuhi ile maji ya bahari yalikuwa yametoka. Nilikwenda kufunga mwani, mara ya kwanza tangu nitoke eda. Wifi yangu Kijakazi nilimwacha uani anasuka mkeka. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na ilikuwa siku yake ya kliniki Kilindoni. Mumewe alikuwa dago, kwenye kambi ya wavuvi, kule Ras Mkumbi. Nilikuwa nimeshamwagiza dereva Luqmani aje kumchukua na pikipiki, nikaondoka bila wasiwasi.

Niliporudi, Kijakazi alikuwa bado anasuka. Amevaa nguo za safari, kadi ya kliniki iko mapajani.

Nilimfuata Luqmani kijiweni, pale madereva wa Ndagoni wanapongojea abiria.

"Shemeji, nilikuja," alisema. "Nilipiga honi. Nikapiga hodi mara tatu. Kimya! Nikarudi. Hodi ya nne nyumbani kwa watu si ungwana."

"Kijakazi hasikii, Luqmani. Tangu utoto."

Alishika kichwa. "Lahaula! Nikimsalimu njiani haitikii, nikadhani ana maringo. Mbona Mfaume alikuwa akimchukua?"

"Mfaume alijua."

Mfaume alikuwa mume wangu, na kaka yake Kijakazi. Aliendesha pikipiki miaka tisa. Alijua nani haoni, nani hasikii, nani hawezi kupanda bila kushikwa. Hakuandika popote. Alipofariki, yote yaliondoka naye.

Kesho yake Luqmani alitupeleka Kilindoni. Muuguzi alimpima Kijakazi mara mbili.

"Presha iko juu," alisema. "Nakupa dawa, na uje kila wiki. Tena usipande pikipiki, tafuta bajaji. Ukikosa kuja, ni hatari kwako na kwa mtoto."

Kijakazi alimsoma midomo. Akanishika mkono kwa nguvu.

Tulipita dukani kwa Zenab, anayeuza simu. Nilisoma naye sekondari. Nilimweleza yote.

"Luqmani," aliuliza, "abiria wenu mnawaandika wapi?"

"Kichwani. Na mwenyekiti wa kijiwe ana daftari."

"Dereva wa bajaji aliye huku Kilindoni ataliona vipi?"

"Hawezi. Liko mfukoni mwa mwenyekiti."

"Basi wekeni orodha kwenye wingu."

Luqmani alichungulia nje. "Mvua ikinyesha, majina si yatatudondokea?"

Zenab alicheka. "Ni jina tu. Orodha haikai ndani ya simu moja. Inatunzwa kwenye kompyuta kubwa zilizo mbali, nanyi mnaifikia kwa intaneti. Ukiandika wewe Ndagoni, dereva wa Kilindoni anaona. Simu yako ikitumbukia baharini, orodha ipo."

"Na mtandao ukikata?"

"Simu inabaki na nakala ya mwisho. Mtandao ukirudi, inajisahihisha."

"Na mwenye kitochi, simu isiyo na intaneti?" niliuliza.

"Atapiga au atatuma ujumbe kijiweni, dereva wa zamu aandike. Ila kwanza muulizeni mwenyewe kama anakubali. Andikeni anachohitaji njiani, si ugonjwa wake. Nywila wawe nayo madereva wenu na wa bajaji tu."

Alifungua orodha kwenye simu ya Luqmani. Luqmani akaandika: *Kijakazi, Ndagoni, bubu.*

Kijakazi alikuwa anachungulia juu ya bega lake. Alimpiga kofi mkononi, akatikisa kichwa. Aliichukua simu, akalifuta lile neno, akaandika mwenyewe: *Hasikii. Anasoma. Tuma ujumbe. Bajaji.*

"Nisamehe, dada," alisema Luqmani, amemgeukia aone midomo yake.

Kijakazi hakuwa amemaliza. Alitutoa nje hadi kwenye pikipiki. Alikishika kioo cha pembeni, akakielekeza juani. Mwanga ukaruka ukutani mwa duka, ukacheza.

"Ndivyo Mfaume alivyokuwa akimwita," nilisema.

Luqmani akaandika na hilo.

Wiki ile madereva waliongeza wengine, kila mmoja kwa idhini yake. Bi Somoe haoni, mtajie jina lako na umpe bega. Mzee Haruni ana kiti cha magurudumu, aletewe bajaji na watu wawili wa kumpandisha.

Siku ya kliniki ilipofika, nilibaki nyumbani. Niliogopa kwenda mwanini. Kijakazi alikuwa anasuka, ameupa mgongo mlango wa uani. Nikasikia hodi, ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilitaka kuitikia. Nikajizuia.

Mwanga ukaingia uani. Ukapanda ukutani mwa jiko, ukacheza mbele ya macho yake. Kijakazi akaweka ukili chini, akachukua kadi yake.

Hakukosa kliniki tena. Mtoto alizaliwa salama hospitali, msichana.

Lakini siku ile ya hodi tatu nilikimbilia mlangoni kutazama njiani. Moyo ulinidanganya kidogo kwamba ni Mfaume. Alikuwa Taufiki, dereva wa bajaji kutoka Kilindoni. Hakuwahi kumwona Mfaume hata mara moja. Alikuwa ameshika kioo, anakigeuza taratibu kulifuata jua.