Damu Iliyokataa Kubadilika

Fundi wa mitambo alikutwa amekufa chali katika chumba cha kuchanganyia rangi za nguo, shati limelowa rangi, pipa limepinduka ubavuni mwake. Msimamizi wa kiwanda, mjomba wake wa damu, alikuwa akilia huku akimnyooshea kidole mama mchanganyaji.

"Ni huyu! Kila siku anaacha mapipa wazi!"

Mama wa watu akatiwa pingu, kesho apandishwe kizimbani. Lakini Inspekta hakuridhika. Wenzake walimwita Kupe, na hawakukosea: aking'ang'ania, hang'oki. Akaenda moja kwa moja chumba cha maiti.

"Rangi hii ina kemikali iitwayo amini," daktari akamweleza. "Ikipenya mwilini, ini ndilo huigeuza ikawa sumu kali. Damu inakuwa ya kahawia, midomo ya buluu. Huyu damu yake nyekundu kama nyanya!"

"Kwa hiyo?"

"Alivuta moshi wa injini. Gesi yake ya sumu, kaboni monoksidi, imemjaa tele. Hiyo hiyo ndiyo iliyolifunga ini mikono. Rangi ilifika, haikugeuzwa."

"Ilifika? Kwenye ini la maiti?"

"Maiti hasukumi damu, Inspekta."

Kupe alihisi hasira ikimpanda. Alirudi kiwandani, akakagua chumba upya. Ukutani, nyuma ya mlango, palikuwa na masizi mabichi, na sakafuni alama za magurudumu ya jenereta zikielekea nje.

Kituoni, akamketisha msimamizi.

"Nani aliingiza jenereta ndani?"

"Ilikuwa nje, afande."

"Na masizi ukutani kapaka nani, shetani?"

Msimamizi akainamisha macho.

"Mtu mzima wewe, sema!"

"Mimi." Mabega yakamshuka. "Mvua ilikuwa inanyesha. Nikamwambia aiwashe ndani, madirisha afunge. Niliporudi nikamkuta kaanguka. Ningemwambia nini dada yangu? Mwanawe wa pekee! Mimi ndiye niliyemwomba anipe, nikaahidi kumtunza. Nikaona bora liwe kosa la mwingine. Nikaitoa jenereta, nikammwagia rangi."

"Ulimpima mapigo?"

"Alishakufa, afande. Haki ya Mungu, alishakufa!"

"Rangi yako imekutwa ndani ya ini. Moyo wake ndio ulioipeleka."

Msimamizi akajishika kichwa.

Kupe akaamuru mama mchanganyaji afunguliwe pingu sasa hivi. Kisha akasimama mlangoni.

"Dada yako yuko kwenye benchi hapo nje. Anauliza mwanawe alikufaje."

"Mwambie... mwambie nilimkuta nimeshachelewa."

"Hukuchelewa," alisema Kupe.