Mstari wa Zamadamu

Kila asubuhi wasichana wawili walitoka katika kitanda kimoja, wakanawa maji ya ndoo moja, kisha wakafungana vifungo vya sare mgongoni. Walikwenda bega kwa bega mpaka kona ya duka la misumari na rangi. Hapo yule mdogo, aliyepewa jina la Kinanda kwa kuwa mdomo wake haukunyamaza, alisimama.

"Dada, tangulia," alisema.

Mkubwa hakuuliza kwa nini. Alikuwa mtoto wa mama mkubwa, na alilelewa na mama yake Kinanda tangu alipofiwa na mama yake mwenyewe. Mgongo wake ulikuwa umepinda ukafanya nundu upande wa kulia, na maradhi hayo yalimpotezea mwaka mzima wa masomo, ndiyo maana walisoma darasa moja. Nyumbani aliitwa Dada. Shuleni aliitwa Ngamia, na Kinanda hakutaka kuwa ndugu wa ngamia.

Wiki hiyo mwalimu wa sayansi aliwafundisha habari za zamadamu, viumbe wa ukoo wetu walioishi mamilioni ya miaka iliyopita. Alichora ubaoni mti wenye matawi mengi, na kila tawi akalichorea fuvu.

"Siku ya wazazi mtauigiza mti huu," alisema. "Kinanda, wewe una sauti. Wapange wenzako, kesho nije nione." Akaenda zake kusahihisha madaftari.

Kinanda aliutazama ule mti, akaona ni kazi. Akakumbuka picha aliyoiona kwenye fulana: kwanza sokwe, kisha mtu aliyeinama, mwisho mtu aliyenyooka. Mstari ulikuwa rahisi zaidi.

"Mimi ni mtu wa leo, nasimama mwisho," alitangaza. "Mama ananishonea gauni. Nani atakuwa zamadamu wa kwanza?"

"Hilo nalo ni la kuuliza?" alidakia mvulana waliyemwita Jogoo. "Ngamia si huyo hapo! Yeye hana haja ya kuigiza, kazaliwa na vazi lake."

Darasa likaangua kicheko. Mmoja akaanza kutembea ameinama huku akiburura mikono. Mwingine akamrushia Dada ganda la ndizi. "Kula, bibi! Kula, bibi wa mabibi!"

Dada alimtazama Kinanda. Alimtazama tu, kama mtu aliyebisha hodi akangoja kufunguliwa.

"We Kinanda, si mnaishi naye nyumba moja?" Jogoo akauliza. "Ndugu yako nini? Basi kwenu wote sokwe!"

Kicheko kikamgeukia yeye.

"Ndugu yangu wapi!" alisema. "Anatuoshea vyombo tu. Ngamia, njoo mbele. Inama. Inama zaidi, wazazi wa nyuma nao waone!"

Dada akaja. Akainama.

Jioni mama, ambaye alikuwa fundi cherehani, alimvika Kinanda gauni jipya. Uani vyombo viligongana. Dada alikuwa anaosha.

"Simama wima," mama alisema, pini zikiwa midomoni.

"Nimesimama, mama."

Pindo lilikuwa juu upande mmoja, chini upande wa pili. Mama akafumua, akapima upya, akabana. Bado likakaa upande. Akaitupa tepu mezani.

"Vua. Inama ushike vidole vya miguu."

Akapitisha kiganja polepole juu ya uti wa mgongo. Kiganja kikasita penye ubavu mmoja ulioinuka kuliko mwenzake.

"Kumbe kweli," alinong'ona. "Mgongo wa dada yako ulianza hivihivi. Mimi na ufundi wangu nikalaumu kitambaa, nikawa nakata pindo badala ya kumpeleka hospitali. Tulipofika, daktari akasema tumechelewa. Wewe Jumamosi hii tunakwenda. Ukiwahi, huenda usizidi."

Kinanda akalia. "Naadhibiwa, mama!" Akasimulia yote, mstari, ganda la ndizi, mpaka lile neno la vyombo.

Mama alisikiliza bila kumbembeleza. "Mgongo si adhabu," alisema. "Dada yako alimkosea nani? Lakini unajua nani kaniambia nikukague? Aliniambia, 'Mama mdogo, nikimfunga mdogo wangu vifungo asubuhi naona bega moja limepanda. Usichelewe kama kwangu.' Ndiye huyo mwosha vyombo wako."

Kesho yake mwalimu aliingia, akaukuta mstari, Dada mbele ameinama.

"Mti wangu uko wapi?" aliuliza.

Kinanda akatoka mwisho wa mstari mpaka mbele. "Mwalimu, mimi ndiye niliyempanga hapa. Na nilidanganya. Huyu ni dada yangu, mtoto wa mama mkubwa. Na mgongo wangu nao umeanza kupinda."

Jogoo akasema, "Ngamia wawili! Sasa tuna msafara!"

Wote wakacheka. Hakuna hata mmoja aliyemtetea, maana jana yeye ndiye aliyewaongoza.

"Jogoo, inama," mwalimu alisema. "Zaidi. Kaa hivyo mpaka nimalize." Akagonga ubao. "Zamadamu walitembea wima kwa miguu miwili zamani sana, kabla ubongo haujawa mkubwa kama wenu mnaoutumia vibaya. Hapakuwa na mstari. Palikuwa na ukoo wenye matawi mengi, na mengine yaliishi wakati mmoja. Yote yamekatika isipokuwa letu. Katika ukoo ule mzima, duniani tumebaki sisi tu." Akamtazama Kinanda. "Sisi tuliobaki ndio tunaokanana kwa ajili ya nundu? Mgongo uliopinda una daktari wake. Ulimi unaomkana ndugu hauna daktari, sharti mwenyewe aunyooshe."

Asubuhi iliyofuata, kwenye kona ya duka la misumari, Kinanda hakusimama. Aliyesimama ni Dada.

"Leo tangulia wewe," alisema. "Uone."

Kinanda akatangulia. Langoni mwa shule wenzake wa darasani walikuwa wanamngoja. Alilisikia lile jina la Ngamia likipigwa kelele kutoka kila upande, akaendelea kutembea huku machozi yakimdondoka, mpaka aliposikia hatua nyuma yake na mkono ukashika wake.

"Basi," Dada alisema. "Umeshaona. Twende."