Kitanda cha Nne

Jioni ile niliingia dukani kwa Kamal, Kingsbury Road, mtaani kwangu huku ughaibuni, kununua ubani na makaa, na roho ilikuwa ikiniuma ajabu.

Salha, shoga yangu tangu utoto wetu Mombasa, alikuwa amenunua karavani. Nyumba ya magurudumu hiyo, ya kukokotwa na gari, jiko ndani, vitanda vinne. Alfajiri ya kesho yake wangeondoka kwenda pwani ya Devon, safari yao ya kwanza. Yeye, mumewe Zein na binti yao Sabah wa miaka saba. Na kitanda cha nne? Nilijua ni changu. Miaka mitatu tumekaa jikoni kwake tukipanga nani atapika, nani atabeba mablanketi. Kumbe kampa Lorraine, mwenzake wa kazini! Ati mimi siwezi baridi. Nani kamwambia?

Mimi nikabakishiwa kufukiza. Kwetu chombo kipya hakisafiri bila kufukizwa, na bibi yangu alikuwa fundi wa chetezo, kile kigae cha makaa na ubani.

"Nifukizie, Batuli, husda isitupate," Salha aliniambia.

Husda! Wallahi nusura nicheke.

Nilifika kwao Kenton giza linaingia. Wao walikuwa ndani ya nyumba wakifunga mizigo, karavani imeegeshwa mbele. Nikawasha makaa, nikaingia peke yangu na chetezo changu.

Kila kitanda kilikuwa kimebandikwa karatasi yenye jina. Nikaanza vizuri. Nikasoma dua, moshi ukapanda. Nikafika kitanda cha nne, ubavuni mwa cha Sabah.

LORRAINE. Na kaua kamechorwa pembeni.

Bibi alikuwa na masharti mawili. Anayefukiza awe na moyo safi. Na jina la mtu lisiingie kwenye chetezo, kamwe. Kwa nini? Hakusema. Nami nilikuwa nayajua yote mawili, msije mkanitetea.

Nikaibandua ile karatasi. Nikaitia kwenye makaa.

"Kitanda hiki changu," nikanong'ona.

Moshi ukasimama. Sisemi ulipungua. Ulisimama hewani, haupandi, hautawanyiki. Harufu ya ubani ikakatika, ikaja ya... nywele zinazoungua. Halafu godoro likalia. Kriiik... Taratibu, kama mtu anayeketi.

"Changu," ikajibu sauti.

Sauti yangu mimi!

Nilitoka mbio hata chetezo nikakisahau. Salha nikampungia mkono tu dirishani, nikapanda basi la kwangu.

Asubuhi, saa kumi na mbili, simu ikalia.

"Batuli, unakuja kunywa chai, au nikuletee huko huko?" Salha alikuwa na furaha.

"Huko wapi?"

"Kwenye karavani, jamani! Sabah kakuchungulia, umelala gubigubi. Nani kakwambia habari za Lorraine?"

"Lorraine ana nini?"

"Kaamka hana sauti, hata kukohoa hawezi. Kaniandikia haji. Nilitaka nikupigie uje wewe, kumbe ushafika. Nisamehe, shoga. Kitanda kilikuwa chako tangu mwanzo."

Miaka mitatu nilingoja kuyasikia maneno hayo, na hayakuwa yangu, yalikuwa ya yule aliyelala karavani.

"Salha, nisikilize. Niko kwangu, Kingsbury. Mtoe Sabah humo! Nimechoma jina la Lorraine. Nilikuwa na wivu, Salha, nimefanya ubaya..."

Mlango ukafunguka upande wa pili. Hatua. Kisha nikasikia, karibu kabisa na simu:

"Nani huyo?"

"Anasema..." Salha alikuwa akinong'ona. "Anasema ni Batuli."

"Batuli si mimi? Kata, twende zetu. Tutachelewa."

Na Salha akakata.

Nilipiga mpaka vidole vikafa ganzi. Haikupokelewa. Nikakimbilia Kenton, nikakuta pale mbele ya nyumba pako wazi.

Jioni ikaingia picha kwenye simu yangu. Bahari ya kijivu, karavani nyuma yao, watu wanne wamepangana. Zein anacheka. Salha anacheka, kamlalia begani yule aliyekaa katikati, mwenye uso wangu na mtandio wangu. Sabah peke yake hacheki. Mkono wake umeshikwa.

Na Mungu anisamehe... Kabla sijaogopa, kabla sijamfikiria mtoto, nilimwonea wivu yule mwanamke.