Wa Pili Mapajani

Kasiva alipotolewa bandeji machoni na kurudishwa nyumbani Matinyani, mtu wa kwanza kuonwa naye alikuwa mke wa mwanawe, Wavinya, ameketi mlangoni akinyonyesha. Kasiva alitabasamu. Kisha akauliza, "Na huyo wa pili ni wa nani?"

Wavinya alitazama mapajani. Nyamai, mtoto wake mchanga, alikuwa peke yake.

Mbuvi, mumewe, alicheka. "Mama, daktari alisema macho yatasumbua kidogo. Ukiniona wawili, mmoja mtume shambani."

"Wewe ni mmoja," Kasiva akasema. "Hata mbuzi ni mmoja."

Wavinya akaanza kumshuku mama mkwe. Alipokuwa haoni, Kasiva ndiye aliyemwogesha Nyamai kwa kupapasa. Vidole vyake vilijua hata kinundu kidogo kama punje ya ndengu kilichofichwa na nywele nyuma ya sikio. Mbona sasa anamwogopa, hataki hata kumgusa?

Lakini kulikuwa na jambo Wavinya hakumwambia mtu. Kasiva alipolazwa hospitalini, Wavinya alikosa wa kumwachia mtoto, akaenda naye mtoni na kumlaza kivulini huku akifukua mchanga apate maji. Tangu hapo Nyamai alinyonya kutwa, na kliniki walimkuta amepungua. Shuka lake lilinuka mchanga mbichi.

"Sisi wawili tunaona mmoja," Mbuvi alimwambia. "Mama anaona wawili. Sasa nani haoni vizuri?"



Mbuvi alipoenda sokoni Kabati, Kasiva alimsogelea Wavinya. "Funga macho," alinong'ona. "Mimi niliijua nyumba hii bila macho. Wewe hujajaribu."

Wavinya alijifunga leso usoni. Alimsikia Nyamai akivuta titi la kushoto, joto lake, pumzi yake ndogo, na alipokuwa karibu kucheka kwa aibu harufu ya mchanga mbichi ikapanda, goti la kulia likalemewa na uzito ambao haukuwepo, na mdomo mwingine, baridi kama jiwe la mtoni, ukashika titi la pili na kuvuta polepole, bila kupapasa, kama mdomo uliokwisha kuzoea.

 Alishindwa hata kufungua leso.

Jioni Wavinya alimwita Pasta Githaiga wa kanisa lao, naye akaomba mpaka sauti ikamkauka. Kitu kilikwaruza sakafu kuelekea mlangoni. Kasiva alikifuata kwa macho mpaka njia ya mtoni.

"Kimeenda," akasema. "Sasa ni mmoja."

Nyamai akaanza kunenepa. Mbuvi akamsifu pasta kwa kila jirani. Na Kasiva, kwa furaha, akaomba kumwogesha tena mjukuu wake. Alimweka kwenye beseni, akafumba macho kwa mazoea, vidole vikapita kichwani, vikashuka nyuma ya sikio vikitafuta kinundu, vikarudi, vikahamia sikio la pili, vikarudi tena.

"Mama, unamkagua kama mbuzi wa sokoni?" Wavinya alitania.

Kasiva hakufumbua macho.

"Wavinya," alinong'ona. "Tulimfukuza yupi?"

Mtoto aligeuza uso wenye maji, akamtazama Wavinya, akanyoosha mikono kutaka titi la kulia.