Zambarau ya Ndiva

Asubuhi hiyo Mtikisima ulichanua zambarau, na jiji zima la Nyika Mpya likatoka nje kuupiga picha. Si mchezo! Mti mrefu kuliko ghorofa zote, ambao tangu uoteshwe maua yake yalikuwa meupe pee! Watu walibeba watoto mabegani waone.

Mhandisi Naetwe Senkoro, aliyeubuni mti huo, aliyatazama maua kupitia dirisha la chumba cha uangalizi. Hakusikia kitu moyoni, hata hofu. Ganzi tupu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

Mtikisima haukuhitaji pampu. Jua lilipowaka, majani yalitoa mvuke kupitia vitundu vyake vidogo, na kila tone lililotoka juu lilivuta la chini yake, kwa kuwa ndani ya mirija ya mti maji hushikana kama uzi mmoja kutoka mzizini hadi jani. Yalipanda na madini ya udongo. Sukari iliyotengenezwa na majani ilishuka kwa mirija mingine kulisha mizizi, nayo mizizi iliposhiba ikazidi kwenda mbali. Nyavu zilizozunguka matawi zilinasa mvuke, jiji likanywa.

Mkurugenzi Kibacha aliingia anacheka. "Dada Naetwe, umetuficha! Meya anauliza mbegu hii mpya inaitwaje."

"Si mbegu. Ni rangi, imepanda na maji."

"Rangi gani tena? Mbona maji ya bombani ni meupe?"

"Mvuke haubebi rangi. Maji yanaondoka, rangi inabaki kwenye ua."

Hakumwambia kwamba rangi yenyewe anaijua. Ni ile ambayo shangazi yake Nankondo huchovyea ukindu wa vikapu. Kule Ikondwe, kijiji chao mlimani juu ya jiji, watu hugawana maji ya ndiva, bwawa lililochimbwa na mababu: leo shamba hili, kesho lile. Maji yakipungua bila sababu, humwaga rangi ndani ya ndiva na kungoja itokee kwa nani. Mwizi akijulikana hapelekwi polisi. Anapewa jembe, anazoa matope ya ndiva peke yake, kijiji kizima kikimtazama.

Na mwaka juzi, maji ya chini yalipopungua, Naetwe mwenyewe alifukia mbolea upande wa mlimani ili mizizi ifuate huko. Alijua mlima una maji. Ni ya nani, hakujiuliza.

"Mizizi ya mlimani inanyonya bwawa la watu," alisema. "Naikata."

"Thubutu! Nusu ya jiji italala na kiu. Tuiite mbegu mpya, yaishe. Nani atajua?"

Naetwe alibonyeza kitufe, na visu vilivyotegwa ardhini vikaikata mizizi ya mlimani. Hewa iliingia kwenye mirija. Chombo cha kusikilizia mti kikaanza kutoa milio midogo ya nyuzi za maji zikikatika, tik, tik, kama bisi chunguni, hata ikanyamaza yote. Kibacha alishika kichwa. "Umetumaliza, dada!" Naetwe alitaka kulia, machozi yakakataa.

Simu yake ikaita. Alikuwa shangazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mama. Huku hali mbaya. Ndiva imekauka, maharage yameungua. Na haya, mama, nashindwa hata kusema. Tulimshuku Mashambo ndiye anayeiba maji, kwa kuwa shamba lake liko juu. Tukamtenga. Mkewe aliumwa, hatukwenda. Alipofariki, Mashambo alichimba kaburi na wanawe tu, hakuna jirani aliyeshika jembe. Sasa anafunga mizigo ahame."

Naetwe aliketi.

"Juzi, matope ya mwisho yakiwa bado na maji, tukamwaga rangi tumkamate," shangazi aliendelea. "Kwake haikutokea. Haikutokea kwa mtu yeyote."

Nje, watu walikuwa wakiokota maua yaliyodondoka na kuyachomeka nyweleni.

"Imetokea, shangazi," alisema Naetwe. "Imetokea kwangu."

Alisimama, akachukua mkoba wake.

"Mwambie Mashambo asiondoke, nakuja leo. Na wewe shangazi, niwekee jembe."