Wembamba Si Kinga

Fundi redio wa mtaa wetu walimwita Antena. Alikuwa mrefu na mwembamba, hata suruali aliyoshonewa kwa kipimo ilimpwaya. Aliyemshonea ni mkewe, mwanamke mnene, mwingi wa utani. Walifanya kazi chumba kimoja cha mbele: upande huu cherehani, upande ule meza iliyojaa redio zilizopasuliwa matumbo.

Siku moja mshonaji alikwenda zahanati kupima afya. Mumewe alimsindikiza, na njia nzima alimtania kwamba leo atapigwa marufuku vitu vya kukaanga.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa jirani yao. Alipomaliza kumpima mke, alimgeukia mume, akauliza habari za wazazi wake. Antena alimweleza kwamba baba yake alianguka ghafla akifunga kamba za viatu, akafa kabla hajaota mvi. Watu walisema ni kijicho. Muuguzi hakubishana na hilo. Alimwomba tu naye atoe damu kidogo.

Majibu yalipotoka, mke alikuwa salama. Mwenye lehemu nyingi mno alikuwa mume.

"Lehemu?" Antena alicheka. "Si ndiyo hii ninayoungia nyaya?"

"Hiyo ni ya mezani kwako," muuguzi alimjibu. "Hii ni aina ya mafuta yaliyo kwenye damu. Mwili unayahitaji, na ini hutengeneza mengi yake. Yakizidi, hujijenga kwenye kuta za mishipa, na njia ya damu inabanwa. Ikiziba, moyo unakosa damu. Au ubongo."

"Lakini mimi siumwi popote. Na mnene ni huyu."

"Lehemu haiumi, shemeji, wala haichagui umbo. Wengine inawazidi kwa vyakula vya mafuta na kukaa tu. Wengine wanairithi. Miili yao haiwezi kuiondoa vizuri."

Daktari alimchunguza zaidi, akathibitisha kuwa ni ya kurithi. Alimwandikia dawa ya kumeza kila siku. Mke naye alibadilisha chungu cha nyumba nzima. Kukaanga kukapungua, mafuta ya nyama yakaondolewa, maharage na mboga zikaongezeka. Daktari alimkataza sigara pia, na hiyo ndiyo iliyomtesa Antena. Alinuna kama mtoto aliyeachishwa ziwa, lakini aliiacha.

Alipopimwa tena, lehemu ilikuwa imeshuka. Alifurahi sana, na kimyakimya akaacha dawa. Kipimo kilichofuata kilimuumbua.

"Nilidhani nimepona," alimwambia muuguzi, macho chini.

"Dawa ndiyo iliyokuwa inakulinda. Ukiitupa, lehemu inarudi. Dawa ikikusumbua, mwambie daktari, usiache mwenyewe." Kisha akauliza taratibu, "Na binti yenu, mmeshampima?"

Swali hilo lilimchoma Antena. Binti yao alikuwa sekondari, mwepesi wa mbio, mwembamba kama yeye. Siku zote alijivunia kwamba mtoto amemfuata yeye.

Walimpeleka. Lehemu yake nayo ilikuwa juu.

Jioni hiyo cherehani haikulia. Antena alikaa mezani, bisibisi mkononi, bila kufungua kitu. Binti akaja kukaa karibu naye.

"Hata mali sina ya kukuachia," Antena alisema. "Nimekuachia hii."

"Babu hakuambiwa, baba," binti alijibu. "Mimi nimeambiwa mapema."

Tangu siku hiyo baba na binti walimeza dawa zao pamoja, kila mmoja kama daktari alivyompangia. Mshonaji aliwasimamia kama mkaguzi. Jioni wote watatu walitembea, na yeye ndiye aliyelalamika njia nzima. Vipimo vya wote wawili vilishuka, vikabaki chini. Binti aliendelea na mbio zake.

Katika ukoo alikuwa amebaki mmoja ambaye hajapimwa, baba mdogo wa binti, aliyeishi mbali. Antena alishampigia simu mara kadhaa, na kila mara mdogo wake aligeuza mambo kuwa mzaha. Basi binti akachukua simu mwenyewe. Alimweleza yote, pole pole, na baba mdogo akamsikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mimi ni mzima kabisa," alisema.

"Najua, baba mdogo. Ndiyo maana nakupigia sasa."

Kisha baba mdogo akauliza zahanati hufunguliwa saa ngapi.