Dishi la Mlimani

Kabla chai ya Jumamosi haijapoa, Chapuchapu alikuwa ameshaosha vyombo, amefagia ua na kumaliza hesabu zote. Vyombo vilibaki na mafuta, ua ulibaki na majani, na majibu ya hesabu tuyaache tu. Binti huyo wa miaka kumi na miwili hakupewa jina hilo bure.

Mama yake alikuwa fundi wa redio ya jamii. Studio ilikuwa mjini, na mtambo wa kurushia matangazo ulikuwa mlimani. Sauti ilisafiri kwa intaneti, nayo ilikatikakatika mpaka wasikilizaji wakachoka. Sasa fundi alikuwa anafunga madishi mawili yanayotazamana, ya kupeleka sauti moja kwa moja mlimani. La kwanza lilikuwa tayari juu ya paa la studio. Lilibaki la mlimani.

Siku hiyo mama alipanda mnara wa mlimani na spana. Chapuchapu akakaa kwenye kibanda cha chini ya mnara, mbele ya mashine yenye kioo kinachoonyesha nguvu ya mawimbi kwa namba.

"Nazungusha kidogo kidogo, wewe nisomee," mama alisema. "Lazima ifike themanini. Ikipanda kidogo ikashuka, bado hatujafika."

"Sawa, Mama."

Thelathini. Arobaini na moja. Thelathini na nane. Nusu saa ikapita, na makalio yakaanza kumuwasha. Chini ya mlima wenzake walikuwa wanacheza mpira, na kelele zao zilimfikia. Namba iliporudi arobaini na moja, alipaza sauti, "Themanini, Mama! Kaza!"

Mama akakaza nati. Aliposhuka, redio yake ndogo ilikuwa inatoa sauti safi, basi akafungasha vifaa.

Kesho yake upepo ulivuma, na kufikia saa nane mchana redio ilikuwa kimya. Studioni muuguzi wa zahanati alizunguka na karatasi mkononi. Kisima cha kijiji cha nyuma ya mlima kilikuwa kimeingia uchafu, na watoto sita walikuwa wanaharisha. Simu hazishiki kule. Watu wana redio tu.

"Saa kumi na moja wanakwenda kuteka maji," alisema. "Nitawaambiaje?"

Mama alikuwa ameifungua mashine ya studio inayopeleka sauti kwenye dishi, vipande vimejaa mezani. "Dishi halina shida, lilifika themanini," alimwambia meneja wa redio. "Iliyokufa ni hii. Tuagize nyingine, itachukua wiki mbili."

Chapuchapu hakutulia. Alikwenda mlangoni, akarudi, akakaa, akainuka.

"Umekalia siafu?" meneja aliuliza.

"Mama," alisema, "haikufika themanini. Ilikuwa arobaini na moja. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama alikasirika, tena sana. Alibamiza spana mezani. "Nimefumua mashine nzima!" Kisha akatazama saa, akaanza kurudisha skrubu. "Katafute pikipiki. Haraka!"

Mlimani upepo ulikuwa unapiga. Chapuchapu alikodolea kioo macho.

"Kumi na nane! Thelathini! Kumi na tano!"

Alisogea karibu zaidi na kioo. Je, kama amekosea tena? Alitamani kukimbia.

"Soma!" mama alipiga kelele juu.

"Ishirini. Hamsini. Sabini na tisa. Themanini na mbili! Sabini na nne, imeshuka!"

Mama akarudisha dishi nyuma taratibu.

"Themanini na mbili."

"Usiniambie kitu bado. Hesabu mpaka mia huku unaitazama."

Chapuchapu alihesabu mpaka mia, moja moja, bila kuruka. "Haichezi, Mama."

Nati zikakazwa. Redio ndogo ikakoroma, halafu ikatoka sauti ya muuguzi: kisima kina uchafu, msichote, maji yaliyopo nyumbani chemsheni. Chini, upande wa pili wa mlima, kwenye njia ya kisimani wanawake watano walikuwa wanatembea na ndoo tupu. Mmoja alisimama, akainua redio sikioni. Kisha wote wakageuka.

Mama alishuka, akaingia kibandani na kuisoma namba kwa macho yake.

"Jana sikuichungulia. Hilo kosa ni langu," alisema. "Lakini nikiwa juu sioni chochote, nakusikia wewe tu. Namba mbaya naweza kuirekebisha, mwanangu. Namba ya uongo siijui hata ilipo."